Namna ya kujenga udongo na kusimamia mimea funika kwenye shamba la malisho ya wanyamapori bila kutifua

Shamba la malisho ya wanyamapori ni kipande cha ardhi, mara nyingi kidogo tu, kinachopandwa mimea ili kulungu, bata mzinga mwitu, kware na wengineo wapate chakula na maficho. Amerika Kaskazini ndiko kazi hii ilikoenea zaidi, na kwa miaka mingi ilifanywa kwa mtindo mmoja: haro, kile kifaa cha kutifulia kinachokokotwa na trekta, inapita, mbolea inamwagwa, mbegu zinasiwa, na mwakani haro inapita tena. Udongo wa mashamba hayo huchoka upesi, kwa sababu mengi hukaa mahali ambapo mkulima wa chakula asingepataka: ukingo wa msitu, mteremko, kichanga, barabara ya zamani ya kusafirishia magogo.

Mimi nafanya kazi hii bila haro, na neno langu kubwa kwa anayeanza ni hili: unachopanda kinalisha udongo kwanza, mnyama baadaye. Ukiliheshimu hilo, maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi, pamoja na lile gumu kuliko yote, yaani lini uiangushe mimea funika, ile inayopandwa ili ifunike na kulisha udongo.

Hatua ya 1: Pima udongo kabla ya kununua mbegu

Chukua vijisampuli 10 hadi 15 kutoka sehemu mbalimbali za shamba, kina cha sentimita 15, uvichanganye kwenye ndoo safi na kupeleka maabara. Kama shamba lina miaka kadhaa bila kutifuliwa, chukua pia sampuli ya pili ya sentimita 5 za juu peke yake. Pasipo kutifua, mbolea na tindikali hukusanyika juu, na sampuli ya kina kirefu inaweza kukuambia mambo ni shwari wakati mbegu inaotea kwenye tabaka lenye tindikali kali.

Kitu cha kwanza kutazama ni pH, kipimo cha uchachu wa udongo: namba ikishuka, tindikali imezidi. Jamii ya klova na mikunde mingi hustawi kati ya 6.0 na 6.8. Chini ya hapo fosforasi hushikwa na udongo, madini ya molibdeni hayapatikani vizuri, na bakteria wa vinundu vya mizizi, wanaohitaji molibdeni hiyo kunasa naitrojeni ya hewani, hulegea. Chokaa ya kilimo ndiyo dawa, lakini ikimwagwa juu hushuka polepole sana. Mwaka wa kwanza tegemea mabadiliko kwenye sentimita chache za juu tu. Kwa hiyo imwage mapema, miezi kadhaa kabla ya kupanda, na usizidishe tani 1 hadi 2 kwa ekari kwa mara moja. Kinachobaki, rudia miaka inayofuata.

Hapa nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Ikiwa pH iko karibu na 5 na kipimo kinadai chokaa nyingi, tifua mara moja, changanya chokaa hadi chini, kisha uache kutifua. Kung'ang'ania usafi wa kanuni kwenye udongo mchachu ni kupoteza miaka.

Hatua ya 2: Elewa unachokiacha unapoacha haro

Kutifua huvunja chembechembe za udongo zilizoshikana, hukata nyuzi za kuvu zinazounganisha mizizi na virutubisho, na huingiza hewa nyingi kwa ghafla hivyo vijidudu hula mboji haraka na kaboni inarudi angani. Zaidi ya hayo, huzipandisha juu mbegu za magugu zilizolala. Mbegu nyingi ndogo, za mchicha pori kwa mfano, huhitaji mwanga ili ziote. Mchicha pori mmoja wa aina kubwa, ukikosa ushindani, unaweza kutoa mbegu laki kadhaa, na kila mpito wa haro huzifungulia mlango.

Matokeo ya kuacha hayaji kwa kasi. Asilimia moja ya mboji katika sentimita 15 za juu za ekari moja ina uzito wa tani 9 hivi. Huwezi kuijenga kwa msimu mmoja, hata upande nini.

Hatua ya 3: Changanya nyasi, mikunde na mimea ya majani mapana

Kwenye nchi za baridi, mchanganyiko wangu wa mwisho wa kiangazi hujengwa juu ya rai, ile nafaka ndefu ndugu yake ngano. Huota hata kwenye udongo hafifu, hustahimili baridi kuliko nafaka nyingine za msimu huo, na kulungu huila ingali changa. Weka kilo 25 hadi 45 kwa ekari. Ongeza klova nyekundu ya msimu mmoja, kilo 6 hadi 9, na figili ndefu kidogo. Mizizi ya figili hupenya udongo ulioshindiliwa. Baridi kali ikiiua, huoza na kuacha matundu ambayo maji na mizizi mingine huyafuata.

Kwa msimu wa joto panda kunde, ngwara, marejea, alizeti, mtama na bakwiti. Kwenye nchi zisizo na majira ya baridi, kalenda yako ni mvua: kundi hilohilo la msimu wa joto ndilo la kwako, na kiangazi kikavu kinashika nafasi ya baridi.

Usijaze shamba kabichi, turnipu na figili tupu mwaka baada ya mwaka. Mimea ya jamii hiyo haishirikiani na kuvu wa mizizi, na magonjwa yake hujijenga udongoni ikirudiwa mahali pamoja. Hakikisha pia kwamba mmea unaouleta hauhesabiwi kuwa mvamizi katika eneo lako. Kizuri kwa kulungu wako kinaweza kuwa balaa kwa pori la jirani.

Mbegu za mikunde zipakwe bakteria wake kabla ya kusiwa, na kila kundi lina wa kwake. Wa klova hawafai kwa kunde. Wiki sita hivi baada ya kuota, ng'oa mmea mmoja taratibu ukapasue kinundu. Kikiwa cha waridi ndani, kazi ya naitrojeni inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, bado au kimekwisha.

Hatua ya 4: Sia mbegu ndani ya mimea iliyosimama, kisha uiangushe

Hiki ndicho kiini cha kazi yote. Mbegu hutawanywa kwanza, kwa mkono au kwa kirushio cha kuvaa begani, zikaanguka chini kati ya mabua. Baada ya hapo mimea iliyosimama hulazwa juu yake ikawa matandazo. Mbegu inapata kivuli, unyevu na kinga dhidi ya ndege. Fanya hivyo mvua ikiwa inakaribia, na ongeza kiasi cha mbegu kwa theluthi hadi nusu zaidi ya kile cha kupanda kwa mashine.

Mbegu ndogo huukubali mtindo huu: klova, turnipu, bakwiti, marejea, na rai pia. Mbegu kubwa kama soya, mahindi na ngwara hazipendi kulala juu ya udongo. Nyingi hukauka au kuliwa. Hizo zitafutie mashine ya kupandia bila kutifua, au kwa kipande kidogo toboa mashimo kwa kijiti na kuzifukia. Ni kazi ya mgongo, lakini robo ekari inawezekana.

Sasa wakati wa kuangusha. Rai hufa kwa kulazwa na kupondwa mabua ikiwa imefikia kutoa chavua. Tikisa suke asubuhi likikauka umande: vumbi la njano likidondoka, wakati umefika. Ukiilaza kabla ya hapo inainuka tena, ikiwa na hasira. Ukichelewa hadi punje zikomae, zitaota zenyewe baadaye, jambo ambalo kwenye shamba la wanyamapori si hasara kubwa. Rola yenye meno butu yanayoponda bua bila kulikata ndiyo bora. Ukiwa huna, gogo zito linaloburutwa, au ubao uliofungiwa chuma unaokanyagwa kwa mguu, hufanya kazi ileile kwa eneo dogo.

Kufyeka kwa mashine ni njia ya pili. Majani yaliyokatwa vipandevipande huoza upesi na kuacha madirisha ya mwanga ambayo magugu huyatumia. Bua lililolazwa zima hudumu miezi.

Je, matandazo yako yanatosha kuzuia magugu? Kata mimea ya mita moja ya mraba kabla ya kuilaza, ikaushe kabisa, uipime. Gramu 900 hivi, sawa na tani 9 kwa hekta, ni kiwango kinachozuia vizuri magugu ya msimu mmoja. Magugu ya kudumu yenye mashina yanayotambaa chini ya ardhi hayatishwi na matandazo. Hayo yang'oe au yatibu kwa kiuagugu moja moja. Ukitumia kiuagugu chochote, soma lebo uone kinakaa udongoni kwa muda gani, kwa sababu baadhi huua klova ya msimu unaofuata.

Hatua ya 5: Linganisha kaboni na naitrojeni

Wengi huona mimea imekuwa njano baada ya kulaza rai na kudhani kwamba njia hii haifai. Sababu ni hesabu. Vijidudu vya udongo hutaka chakula chenye kaboni 24 hivi kwa naitrojeni 1. Rai changa ina takriban 26 kwa 1, ikitoa maua 37 kwa 1, na majani makavu ya rai yanafika 80 kwa 1. Vijidudu vikipewa chakula hicho hukopa naitrojeni udongoni, na mmea wako mpya unabaki na njaa kwa wiki kadhaa. Mikunde kama vechi ina karibu 11 kwa 1; huoza haraka na kuachilia naitrojeni.

Kwa hiyo baada ya rai iliyokomaa fuatisha mikunde, inayojitafutia naitrojeni yake. Baada ya mikunde ndipo uweke nafaka au turnipu, zinazokula naitrojeni kwa wingi. Shamba ambalo matandazo yake hutoweka kabla ya mwezi kwisha linataka nyasi zaidi. Lile lenye mabua ya mwaka juzi yasiyooza linataka mikunde zaidi.

Hatua ya 6: Usifyeke wakati wa viota

Ndege wanaotaga chini na watoto wa kulungu hujificha katika mimea hiyohiyo unayotaka kuilaza. Mtoto wa kulungu hakimbii mashine, hulala kimya. Jua majira ya kuzaana ya wanyama wa kwako, na pale yanapogongana na utoaji chavua wa rai, tembea shamba kwa miguu kwanza, acha ukanda mpana pembezoni bila kuguswa, na anzia katikati ukielekea nje ili walio ndani wapate pa kutokea. Vifaranga vya bata mzinga na kware huhitaji wadudu katika wiki zao za mwanzo, na klova iliyochanua ina wadudu wengi kuliko kapeti iliyonyolewa.

Klova ya kudumu ifyekwe kwa kimo cha sentimita 15 hadi 20, magugu yakiwa yanachanua na kabla hayajazaa mbegu. Kwenye ukame iache. Na si kila kilichoota chenyewe ni adui: ambrosia ya kawaida, inayochukiwa na wenye mafua ya chavua, huliwa majani na kulungu na mbegu zake ni chakula kizuri cha kware. Mimi huiacha iwe sehemu ya shamba maadamu haijatawala.

Hatua ya 7: Weka kizimba na upime

Tengeneza kizimba cha waya chenye upana wa mita moja, ukisimike baada ya mbegu kuota. Tofauti kati ya ndani na nje ndiyo picha ya ulaji. Nje pakiwa uchi na ndani pamefika gotini, wanyama wanakula hadi mgao wa udongo, na hakuna mbolea itakayoziba pengo hilo. Panua eneo, ongeza rai katika mchanganyiko kwa sababu inavumilia kuliwa, au zungushia uzio wa umeme wa muda hadi mimea ishike. Mahali penye kulungu kupita kiasi, suala ni idadi yao, nalo linafuata sheria za uwindaji za eneo lako. Sheria hizohizo ndizo zinazosema kama kuwinda juu ya shamba la malisho kunaruhusiwa.

Kila mwaka, msimu uleule, pima pia unyonyaji wa maji. Pigilia pete ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 15 ardhini, mwagia mililita 440 za maji, ambazo ni kama milimita 25 za mvua, na uhesabu dakika hadi maji yaishe. Rudia papo hapo mara ya pili. Hiyo ya pili ndiyo ya kuandika, kwa sababu ya kwanza inategemea ukavu wa siku hiyo. Kisha chukua bonge kavu la udongo na ulitumbukize ndani ya glasi ya maji. La shamba linalotifuliwa humeguka mara moja na maji yakawa tope. La udongo wenye mizizi na mboji hukaa zima kwa muda mrefu.

Dakika za pete zisipopungua baada ya misimu mitatu au minne, tazama mambo mawili kabla ya kulaumu mbegu: kama trekta inaingia udongo ukiwa umelowa, na kama kuna miezi ambayo hakuna mzizi hai shambani. Hilo la pili ndilo la kawaida zaidi, na tiba yake ni kusia rai au bakwiti katika pengo hilo hata kama hakuna mnyama atakayeila.