Muvi ipo kwenye simu, unataka kuiangalia kwenye laptopu: anza na waya wa chaji

Kabla ya hatua yoyote: kama umenunua waya wa HDMI kwa ajili ya kazi hii, urudishe dukani. Jirani aliyenisababisha niandike haya alikuja na laptopu ya mtumba, simu ya Android iliyojaa muvi za kutafsiriwa, na waya mpya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na cha simu upande wa pili. Kaambiwa achomeke huku na huku, picha itatokea. Haitatokea. Tundu la HDMI kwenye laptopu, karibu zote, ni la kutolea picha kwenda kwenye TV au projekta; kupokea halipokei. Waya ule ungemfaa kama angekuwa na TV, na hata hapo ni kama simu yake ina USB-C inayotoa picha. Simu nyingi za bei ya kawaida hazitoi.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Muvi ni faili. Laptopu tayari ina kioo, ina spika, ina programu ya kuichezesha. Kinachotakiwa ni kuifikishia faili tu. Njia zote za kurusha kioo cha simu nimezisukuma mwisho, na sababu utaziona hukohuko.

Hatua ya 1: Hakikisha ni faili kweli

Muvi uliyoihifadhi ndani ya Netflix, au video uliyobonyeza "Download" ndani ya YouTube, imefungwa humohumo. Hata ukiipata haitafunguka kwingine. Kwa hizo usijisumbue, ingia kwenye akaunti yako kupitia kivinjari cha laptopu.

Faili za kawaida zinahamishika, ila ujue zimekaa wapi. Za WhatsApp zipo Android, kisha media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, halafu "WhatsApp Video". Kama hukuiona hapo, angalia "WhatsApp Documents", kwa sababu muvi ndefu watu huzituma kama dokumenti. Za Telegram, bonyeza kwanza nukta tatu pembeni mwa video uchague "Save to gallery" au "Save to Downloads". Ukiruka hilo, inabaki kwenye folda ya ndani ambayo utaitafuta mpaka usiku. Za Xender zimo kwenye folda yenye jina hilohilo.

Hatua ya 2: Weka VLC

Ni programu ya kuchezesha video. Ipakue videolan.org, si kwenye tovuti nyingine yoyote inayokuja juu ukitafuta. Ni ya bure na haina matangazo. Programu ya video inayokuja na Windows hugoma mara nyingi ikikutana na faili za HEVC (namna mojawapo ya kubana video) na kukupeleka dukani kwa Microsoft ukanunue nyongeza. VLC inazifungua bila maswali.

Hatua ya 3: Chomeka

Waya wa chaji wa simu unatosha, mradi uwe unapitisha data. Ndani ya waya wa USB wa kawaida kuna nyuzi za umeme na nyuzi za data, na nyaya nyingi za bei rahisi, hasa zinazokuja na pawabenki, zina za umeme tu. Simu itachaji vizuri na laptopu haitajua kama kuna kitu kimechomekwa.

Fungua loki ya simu. Shusha pazia la arifa, gusa panapoandikwa kwamba simu inachaji kwa USB, chagua "File transfer". Tangu Android 6 simu huanza na kuchaji tu, kwa hiyo hili utalifanya kila ukichomeka. Ukirudi kwenye laptopu, fungua "This PC" na simu iwepo hapo.

Hatua ya 4: Simu haionekani

Hapa ndipo jioni za watu zinapoishia, kwa hiyo twende taratibu.

Anza na rahisi. Badilisha waya. Badilisha tundu la USB. Hakikisha loki imefunguliwa na "File transfer" haijajirudisha yenyewe kwenye kuchaji. Kama laptopu inatoa mlio ukichomeka, simu inaonyesha "File transfer", na bado "This PC" haina kitu, acha kulaumu waya. Waya unaotoa mlio una data.

Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, chagua "Device Manager". Simu isiyo na tatizo inakaa chini ya "Portable Devices". Ukiikuta chini ya "Other devices" ikiwa na pembetatu ya njano, mara nyingi imeandikwa "MTP" au jina la simu, usikimbilie kutafuta madraiva mtandaoni. Hizo tovuti za "pakua draiva yako hapa" zitakuachia uchafu ambao kuuondoa ni kazi kuliko muvi yenyewe. Nenda kwanza Settings, System, About, usome mstari wa "Edition".

Kama umeandikwa "Windows 10 Pro N", au toleo lolote lenye N pekee mwishoni, umeshafika kwenye tatizo. N hiyo ina historia. Mwaka 2004 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya yuro milioni 497 na kuiamuru itoe pia Windows isiyo na Windows Media Player ndani yake, ili programu nyingine za muziki na video zipate nafasi sokoni. Ndipo yakazaliwa matoleo ya N. Ila pamoja na Media Player, viliondolewa na vitu vingine vya midia, kikiwemo kile kinachoiwezesha kompyuta kuongea na simu kwa MTP, lugha ambayo Android hutumia kuonyesha faili zake. Laptopu ya N haijaharibika, Windows yake ndiyo iliyotengenezwa bila kipande hicho. Na kwa kuwa laptopu nyingi za mtumba tunazonunua huku Afrika Mashariki zilitumika kwanza kwenye ofisi za Ulaya, N si kitu cha ajabu kukutana nacho. Jirani yangu alikuwa nayo. Alishaambiwa kwamba tundu la USB limekufa na libadilishwe.

Dawa inaitwa "Media Feature Pack", na ni bure. Kwenye Windows 10 ingia Settings, Apps, "Optional features", kisha "Add a feature", andika media kwenye sehemu ya kutafutia, weka tiki, bonyeza "Install". Kwenye Windows 11 ukurasa huo wakati mwingine uko chini ya Apps na wakati mwingine chini ya System, kutegemea laptopu imesasishwa hadi wapi. Njia ya mkato: andika "optional features" kwenye Start, itakupeleka.

Mambo matatu ya kuangalia hapo. La kwanza, inahitaji intaneti. Usikate tamaa kwamba simu haionekani: waya uleule unaokataa kuonyesha faili unaweza kukupa intaneti ukiwasha "USB tethering" kwenye simu, kwa sababu hiyo haipiti kwenye MTP. La pili, ikimaliza kujiweka haijamaliza. Lazima uwashe upya, na uchague "Restart", usichague "Shut down". Windows ikizimwa kwa "Shut down" mara nyingi hailali kabisa, hujihifadhi ili iwake haraka, na mabadiliko haya yanaweza yasishike. Wapo wanaozima, wanawasha, wanaona hakuna kilichobadilika, wanafuta kila kitu na kuanza upya. La tatu, kama hukuiona kabisa "Media Feature Pack" kwenye orodha, rudi usome "Edition" tena. Kwenye toleo lisilo la N haipo, na tatizo lako liko kwingine.

Ukishawasha upya, chomeka simu, chagua "File transfer" tena. Inatokea.

Wa Mac: Android haionekani kwenye Finder hata waya uwe mzuri namna gani, weka programu ya OpenMTP. Wa iPhone: Windows itakuonyesha picha na video za kamera tu. Muvi zilizo ndani ya VLC ya iPhone zitoe kwa kuwasha "Sharing via WiFi" humo ndani ya VLC, halafu andika anwani inayokupa kwenye kivinjari cha laptopu.

Hatua ya 5: Nakili, usicheze humohumo

Kubofya muvi ikiwa bado kwenye simu kunashawishi, lakini MTP ilitengenezwa kuhamisha faili nzima. Kurukia katikati ya faili si kazi yake. Ukiruka mbele kidogo muvi inaganda, au haianzi kabisa. Nakili kwenda folda ya "Videos", kisha fungua kwa VLC. Faili ya GB 1 kwa kawaida ni suala la dakika moja au mbili.

Kama diski imejaa, tumia flashi ya OTG (inayochomeka moja kwa moja kwenye simu), lakini ujue flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili inayofika GB 4. Ifomati exFAT, baada ya kuokoa vilivyomo.

Ukiwa huna waya

Watu wanaogopa hotspoti wakidhani itakula bando. Laptopu ikisoma faili iliyo ndani ya simu kupitia hotspoti ya simu hiyohiyo, data haitoki nje hata kidogo, unaweza kufanya hivyo bila salio. Kinacholiwa ni pale unapoacha data ya simu ikiwa wazi na Windows ikaanza kujisasisha kimyakimya. Kwa hiyo zima data, washa hotspoti, unganisha laptopu.

Kwenye simu weka Material Files, programu ndogo isiyo na matangazo, ufungue sehemu ya "FTP server" (FTP ni njia ya kutuma faili kwa mtandao) na kuiwasha. Itakupa anwani inayoanza na ftp:// ikifuatiwa na tarakimu. Usiiandike kwenye Chrome wala Firefox, zote ziliacha FTP mwaka 2021. Iandike kwenye mstari wa anwani wa dirisha la mafaili, folda za simu zitafunguka na utanakili. Ukitaka kucheza bila kunakili, fungua VLC, bonyeza Ctrl na N, andika anwani hiyo pamoja na jina la faili. Badilisha kwanza jina la muvi liwe fupi lisilo na nafasi, la sivyo utapishana na alama za ajabu. Ukimaliza, zima hiyo FTP. Iko wazi kwa yeyote aliye kwenye mtandao huo.

Kurusha kioo

Ukirusha kioo, simu inaifungua video, inaichora, inaikandamiza upya, inaituma, na laptopu inaifungua tena. Ni kama kupiga picha ya picha. Ubora unashuka, sauti inachelewa, betri inaisha, na meseji zako zinatokea mbele ya wageni. Na zile za Netflix zitaonyesha kioo cheusi tu.

Kuna hali moja ninayoikubali. Laptopu yenye Intel ya kizazi cha nne au cha tano haina msaada kamili wa HEVC ndani ya chipu yake, na simu ya juzi inao. Ndiyo maana muvi hiyohiyo inateleza kwenye simu na kukwamakwama kwenye laptopu. Suluhisho zuri ni kutafuta nakala yenye x264 kwenye jina badala ya x265 (x265 ndiyo HEVC), au kuigeuza kwa programu ya HandBrake usiku ukiwa umelala. Ila kama wageni wameshakaa, tumia scrcpy, programu ya kurusha kioo, kwa waya. Ni ya bure, inahitaji uwashe "USB debugging", na tangu toleo la 2.0 inapitisha sauti pia kwa Android 11 kwenda juu. Zima "USB debugging" baadaye.

Muvi ikishaanza

Faili ya maandishi ya chini iwe na jina sawasawa na la muvi, mwisho wake tu uwe .srt, na zikae folda moja. Maandishi yakitangulia au kuchelewa, bonyeza G au H mpaka yalingane na midomo. Sauti ikiwa ndiyo imepishana, ni J na K. Spika za laptopu ni dhaifu, sogeza sauti ya VLC hadi asilimia 125. Ikianza kukwaruza rudisha, na uazime spika ya Bluetooth kwa mtu.