Umeshtakiwa wizi wa maandishi chuoni Kenya: jinsi ya kumtumia wakili kabla ya kikao

Kesi hizi huamuliwa na karatasi zilizo mezani kuliko na ufasaha wa mtu kikaoni. Mtafute wakili siku barua inapofika, si usiku wa kuamkia kikao.

1. Usiombe msamaha kwenye simu. Wengi humwandikia mhadhiri "naomba unisamehe" papo hapo wakidhani ni adabu, na ujumbe huo huingizwa kwenye jalada kama kukiri kosa. Jibu kwa baruapepe kwamba umepokea barua, uulize siku ya mwisho ya kuwasilisha utetezi, kisha nyamaza.

2. Dai ushahidi kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala, nambari 4 ya 2015, inafafanua katika kifungu cha 4: upewe notisi ya kutosha yenye sababu, usikilizwe, na upewe ushahidi utakaotumika dhidi yako. Omba vitu vinne: kazi yako kama ilivyopakiwa, ripoti nzima ya Turnitin (programu inayotafuta maandishi yanayofanana na ya vyanzo vingine), maelezo ya mlalamishi, na nambari ya kanuni unayodaiwa kuvunja. Hiki cha mwisho usikiache. Barua ikitaja "udanganyifu" bila kanuni, hujui unajibu shtaka gani.

3. Isome ripoti mstari kwa mstari. Asilimia si hatia. Inaonyesha maandishi yanayofanana tu. Asilimia 34 inaweza kuwa orodha ya marejeo na nukuu zilizofungwa vizuri, ilhali 9 ikawa aya nzima iliyonakiliwa, na hiyo ndiyo mbaya. Uliza kama marejeo na nukuu viliondolewa kwenye hesabu. Kuna mtego mwingine: rasimu iliyopakiwa mapema ikihifadhiwa kwenye hazina ya Turnitin, kazi ya mwisho huweza kulingana nayo karibu yote. Kagua orodha ya vyanzo. Chanzo kikuu kikiwa kazi ya mwanafunzi kutoka chuo chako mwenyewe, huenda ni rasimu yako.

Shtaka likiwa ni akili bandia, hakuna chanzo cha kulinganisha, ni makadirio ya programu tu. Jibu lake ni historia ya matoleo ya Google Docs, rasimu, na noti za mkono. Fanya nakala za mafaili na ufanyie kazi nakala hizo, kwani ukihifadhi upya faili asilia, tarehe yake hubadilika.

4. Jua wakili anaruhusiwa wapi. Sheria inataka uarifiwe kuhusu haki ya kuwakilishwa na wakili "inapohusika", na neno hilo ndilo vyuo hushikilia. Soma kanuni za chuo, kisha omba ruhusa kwa maandishi. Ukikataliwa, omba kukataliwa huko kuingie kwenye kumbukumbu za kikao. Hata akibaki nje ya mlango, wakili bado ana kazi: anaandika utetezi na kukuandalia maswali ya kumhoji mlalamishi. Hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya mawakili ya Chama cha Mawakili Kenya, na mkubaliane kama ada inahusu utetezi pekee au pia rufaa. Kliniki ya sheria (ofisi ya msaada wa kisheria) ya chuo hichohicho isikuwakilishe. Haiwezi kukupigania dhidi ya mwajiri wake.

5. Utetezi uwe kurasa mbili au tatu. Jibu kila aya iliyowekwa rangi: imenukuliwa wapi, chanzo kiko ukurasa gani. Kama kweli ulinakili, usidanganye. Uongo unaogunduliwa hugeuza uzembe kuwa nia mbaya. Eleza kilichotokea na uombe kurudia kazi badala ya kufukuzwa.

6. Kikaoni. Mlalamishi akiketi miongoni mwa wanakamati, pinga mara moja. Ukihitaji muda, omba kikao kiahirishwe, na ombi liwe la maandishi. Kutofika tu ni kuwaachia waamue bila wewe.

7. Baada ya uamuzi. Omba sababu kwa maandishi chini ya kifungu cha 6 cha sheria ile ya 2015, na ukate rufaa ya ndani katika siku zilizotajwa kwenye kanuni. Hapa ndipo mawakili wenye haraka huharibu mambo: wanakimbilia Mahakama Kuu, nayo inawarudisha kwa sababu kifungu cha 9 kinataka njia za ndani zimalizwe kwanza. Chuo kikiikalia rufaa, omba mahakama ikuondolee sharti hilo, ukionyesha barua zako za kukumbusha. Hesabu kalenda pia: ombi la kubatilisha uamuzi chini ya Amri ya 53 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai hupelekwa ndani ya miezi 6. Huko, usitarajie jaji asahihishe insha yako. Ataangalia zaidi kama ulisikilizwa kwa haki, na ushahidi wake ni barua zile ulizoandika katika hatua ya 2 na ya 4.