Wiski ya moshi kwa mfuko mdogo

Kwetu Tanga, samaki akibanikwa kwa makumbi ya nazi, harufu hukaa mkononi hadi kesho yake. Wiski za kisiwa cha Islay, Uskoti, hunirudishia harufu ileile. Moshi hautiwi chupani: shayiri iliyooteshwa hukaushwa kwa moto wa udongo mweusi wa kinamasi.

Usianze na Lagavulin ya miaka 16, mojawapo ya wiski hizo za Islay, bei yake inauma. Agiza toti ya Johnnie Walker Black Label baa. Ndani yake mna wiski ya Caol Ila, ya hukohuko Islay. Ndugu yake, Johnnie Walker Double Black, ina moshi zaidi. Ukinogewa, changeni watu wanne mnunue Laphroaig ya miaka 10, nayo ya Islay. Sisi hapa Chumbageni ndivyo tufanyavyo, na chupa hukaa kabatini kwangu, imesimama, mbali na jua. Chupa isiyo na stempu ya TRA iache, hata ikiwa rahisi vipi.

Barafu nayo iache, joto liwe lolote: inaua harufu. Matone matatu ya maji yanatosha. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, onja, tulia. Toti yangu moja, baada ya nguru wa kuchoma, huchukua saa nzima.