Kuelekeza Nyanya za Ndooni kwenye Roshani ya Ghorofa

Anayepanda nyanya kwenye roshani ya ghorofa, iwe Umoja au Kilimani jijini Nairobi, ana tatizo ambalo mkulima wa Mwea hana: mwanga humfikia kutoka upande mmoja tu. Mmea ulioachwa ujiendee huinama upande huo, hutoa matawi mengi membamba yanayofunikana, na matunda yake machache hubaki kivulini. Kupogoa na kufunga kamba, kwa mazingira haya, ni kazi ya kuyapanga majani ili kila moja lipate jua lake.

Kwanza ijue aina uliyonunua. Nyanya fupi kama Cal J na Rio Grande hukoma kurefuka zenyewe, na kuzipogoa sana ni kujikatia mavuno. Ninayoyaeleza hapa yanahusu zile zinazoendelea kurefuka, mfano Anna F1, ambayo hulimwa sana kwenye vibanda vya plastiki. Mche mmoja katika ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini unatosha. Miwili itanyang'anyana maji.

Ncha ya shina hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka na kuyazuia machipukizi ya pembeni yasikue kwa kasi. Kadiri ncha inavyosonga mbali, kizuizi hicho hulegea, na katika kila kwapa la jani, yaani pembe kati ya jani na shina, huchomoza chipukizi linalotaka kuwa shina kamili. Kwenye roshani mimi huruhusu moja tu, lile lililo chini kidogo ya kichala cha kwanza cha maua, kwa kuwa ndilo huwa na nguvu kuliko mengine. Mashina hayo mawili huyatandaza kwa umbo la V sambamba na ukingo wa roshani, wala si moja mbele ya jingine, kwa sababu la nyuma litaishi gizani. Yafunge kwa kitambaa laini kilichozungushwa mfano wa tarakimu nane, chini ya kikonyo cha jani, ukiacha nafasi ya shina kunenepa.

Machipukizi mengine yote yavunje yakiwa hayajazidi urefu wa sentimita 5. Fanya hivyo asubuhi, majani yakiwa makavu, ili kidonda kiwe kimekauka kabla ya usiku. Kwa udogo huo vidole vinatosha, na ni salama kuliko kisu kinachohamisha magonjwa kutoka mche hadi mche. Likikuponyoka likawa nene, usilinyofoe, kwani litachana gamba la shina. Likate kwa wembe safi. Mvutaji sigara na anawe mikono kwa sabuni kwanza, maana tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya pia.

Majani ndipo wengi hupitiliza. Ondoa yale yanayogusa udongo, kisha yale yaliyo chini ya kichala kilichokwisha kuiva, mawili au matatu kwa juma, basi. Jani la kijani linalopigwa na jua ndilo linalolisha tunda.

Nairobi iko kusini ya ikweta kwa zaidi kidogo ya digrii moja, hivyo mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na miezi inayosalia hupita zaidi kusini. Roshani inayotazama kusini haina faida mwezi wa Julai, hata ukipogoa kwa ustadi namna gani. Hamishia miche ndooni Septemba, na matunda yatanenepa Novemba na Desemba. Inayotazama kaskazini hupata jua katikati ya mwaka, ila mawingu na baridi ya usiku huidhoofisha chavua na maua huanguka. Hapo gonga kichala kwa kidole taratibu kati ya saa nne na saa sita, hasa kama roshani imezibwa kwa vioo na upepo haufiki.

Shina likifika mwisho wa kamba, kata ncha yake ukibakiza majani mawili juu ya kichala cha mwisho. Kwa kuwa oksini ya nchani imeondoka, machipukizi yataamka kwa wingi, hata kwenye makwapa uliyokwisha kuyasafisha. Kwa majuma matatu yanayofuata yakague kila baada ya siku mbili.