Kabla hujaivusha mpaka kamera ya joto iliyotoka Marekani

Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeagiza kamera za joto, yaani zinazopiga picha ya joto la vitu, kutoka Marekani, kisha akapata mteja mgodini Lubumbashi, kwa kawaida humtafuta kwanza wakala wa forodha na lori. Hata hivyo, bidhaa iliyotengenezwa Marekani hubaki chini ya kanuni za nchi hiyo za udhibiti wa mauzo ya nje hata baada ya kulipiwa ushuru bandarini Dar es Salaam, na kuipitisha Tunduma kwenda Kongo huhesabiwa kuwa ni kuisafirisha upya.

Anza na ankara ya muuzaji wako, utafute namba ya uainishaji, yaani ile inayoonyesha bidhaa iko kundi gani katika kanuni hizo za Marekani. Kamera ya joto iliyoandikiwa 6A003 huhitaji leseni kwenda nchi nyingi, Kongo ikiwamo, ilhali isiyozidi picha 9 kwa sekunde kwa kawaida huangukia 6A993, yenye masharti mepesi zaidi. Kwa macho kamera hizo mbili hufanana kama pacha, kwa hiyo soma kibandiko na karatasi ya vipimo, na namba ikikosekana mwandikie mtengenezaji, usimtegemee dalali.

Baada ya hapo mchunguze mnunuzi. Serikali ya Marekani huweka kwenye intaneti orodha ya watu na kampuni zilizowekewa vikwazo, na kuitafuta ni bure. Mteja anayetaka kulipa taslimu kifaa cha bei kubwa, anayekataa kufungiwa mtambo na kufundishwa matumizi, au ambaye anwani yake ni ghala la wakala wa mizigo, aulizwe zaidi kabla ya kupewa bei.

Leseni ikihitajika, ombi hupelekwa kwa njia ya mtandao kwa Ofisi ya Viwanda na Usalama iliyo chini ya Wizara ya Biashara ya Marekani. Halina ada, ila lina subira, na ndiyo maana sishauri kupokea malipo ya awali mapema. Leseni hiyo haiondoi taratibu za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Michoro na maelekezo ya kiufundi nayo yamo chini ya kanuni hizo: faili lenye teknolojia inayodhibitiwa, likitumwa Lubumbashi kwa barua pepe, limesafirishwa sawasawa na kamera iliyopakiwa kwenye lori. Ankara, majibu ya mtengenezaji, tamko la mnunuzi kuhusu matumizi ya kifaa na nakala ya leseni vihifadhiwe pamoja kwa miaka 5.