Kurekebisha kimo cha msimbopau wa posta kwenye ankara

Kabla hujagusa programu, tafuta rula yenye milimita. Mimi ndiye ninayechapisha ankara za ofisi yetu hapa Columbus, Ohio, na mwezi mmoja shehena nzima ya bahasha ilikosa punguzo la posta kwa tofauti ya kimo cha msimbopau ambayo jicho halioni. Iliniuma sana. Tangu hapo rula haiondoki mezani pangu.

Posta ya Marekani inataka msimbo wa Intelligent Mail, yaani msimbopau wake wa barua wenye vistari 65, uwe na kimo cha inchi 0.125 hadi 0.165, yaani takriban milimita 3.2 hadi 4.2. Upana wake, kushoto hadi kulia, uwe karibu milimita 68 hadi 82.

Fungua kiolezo cha ankara, bofya kisanduku cha msimbo, uangalie fonti. Fonti ya kawaida ya posta hupangwa pointi 16. Wengi huvuta kingo za kisanduku wakitarajia vistari virefuke. Havirefuki, kinachokua ni kisanduku tu, na kikiwa kifupi mno hukata vichwa vya vistari. Kimo hubadilika kwa ukubwa wa fonti, na upana hufuata hapo hapo. Ongeza nusu pointi, chapisha, pima, kisha ndipo uongeze tena. Ukiona herufi A, D, F na T badala ya vistari, fonti haimo kwenye kompyuta hiyo.

Sasa printa, na hapa ndipo nilipoponzeka. Kiolezo kilikuwa sawa kabisa, ila dirisha la kuchapisha lilikuwa linabana ukurasa utoshee karatasi. Msimbo wa milimita 3.3 ukibanwa hadi asilimia 94 hutoka na 3.1, umeshaanguka. Rula haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo kwenye kimo, kwa hiyo pima upana: milimita 75 zitakuwa zimeshuka hadi 70 na nusu, na hilo utaliona. Weka asilimia 100, na uiweke hivyo kwenye kila kompyuta inayochapisha ankara, siyo yako peke yako.

Ukitumia bahasha za dirisha, tia ankara moja ndani, igonge bahasha mezani kwa ubavu wa kushoto, halafu wa kulia. Kila upande ibaki nafasi nyeupe ya milimita 3.2 kati ya msimbo na ukingo wa dirisha. Ikipungua, sogeza kisanduku, fonti iache ilivyo.