Kuvua trauti Nyeri: leseni ni ya samaki, sio ya njia

Kila wakati kuna mtu ananitumia picha ya rodi mpya, bado iko na karatasi, anauliza leseni inatoka wapi, na ukimwambia anafikiri basi amemaliza. Hujamaliza bwana. Huku kwetu, kati ya Mlima Kenya na Aberdare, leseni inakuruhusu kushika samaki tu. Kufika pale samaki alipo ni hesabu ingine.

Tuanze na hiyo leseni ndio iishe. Mtu anayevua kwa kujiburudisha pia anahitaji leseni, usidanganywe ati ni ya wenye mashua. Sheria ya uvuvi ni ya 2016 na mambo yenyewe yako chini ya Kenya Fisheries Service, lakini pia kaunti ziko na watu wa samaki, kwa hivyo pigia ofisi ya uvuvi ya kaunti unayoenda uulize unalipia wapi na leseni ni ya muda gani. Piga katikati ya wiki. Mimi nilishawahi kufika ofisi fulani Jumamosi asubuhi na wageni wawili nyuma ya gari, nikapata kufuli na paka, tukashinda tukikula nyama choma badala ya kuvua. Ukishaipata isome, manake masharti ya saizi na idadi ya samaki hayatakusaidia yakikaa kwa mfuko. Beba futi ya fundi. Na kila mvuvi na yake, hakuna kushikia mtu.

Sasa njia. Kuna aina tatu za mahali na kila moja iko na mwenyewe.

Ukiingia mbugani, Aberdare ama Mlima Kenya, hapo ni watu wa wanyamapori, KWS. Unalipa kiingilio kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, kabla hujafika getini, na fanya hivyo ukiwa bado mjini, manake kule juu mtandao unakuja ukienda na utasimama ukiinua simu kama unaomba mvua. Leseni ya samaki haipunguzi kiingilio hata shilingi. Kwa mito ya Gura na Chania, sehemu za juu, watu wengi hutumia geti ya Kiandongoro. Ongea na askari wa mbuga mapema, sema unaenda mto gani, uliza kama utahitaji askari wa kukusindikiza. Nyati amelala kwa kichaka kando ya maji hatakusikia ukikuja, mto unapiga kelele, na wewe pia hutamsikia.

Ukiwa kwa msitu nje ya mbuga, hapo ni watu wa misitu, KFS, wako na ada yao. Usitoe risiti ya mbuga ukidhani ni ile ile.

Ya tatu ndio inaleta kesi: mto ukishatoka msituni unapita katikati ya mashamba. Katiba inasema mito ni ardhi ya umma, kifungu cha 62, na kuna watu wanapenda kukinukuu wakiwa wamesimama kwa kabichi za mtu. Maji ni ya umma, sawa, lakini hiyo kabichi ina mwenyewe. Enda kwanza bomani kwa mwenye shamba. Salimia, sema unatoka wapi, onyesha leseni bila kuulizwa. Mzee mmoja pale Thego aliniangalia na rodi yangu akauliza, "Kijana, hiyo fimbo ni ya nini?" Nikamweleza. Akacheka, akanionyesha mahali pa kushukia ambapo mimi peke yangu singepata hata kwa wiki, ngazi zimechimbwa kwa udongo chini ya mti, na kidimbwi chenyewe kiko hapo hapo. Tangu siku hiyo nikipita nampelekea sukari na majani.

Vifaa: mito ya trauti tunavua kwa nzi bandia, yaani ndoano iliyofungwa ionekane kama mdudu, wacha minyoo nyumbani. Huyu samaki sio wa huku, mayai yalitoka Scotland 1905, mlowezi Mwingereza anaitwa Grogan ndiye aliyaleta yakawekwa Gura, hiyo ni ile aina ya trauti inaitwa brauni. Aina ya pili, renbo, ilifuata baadaye, na kituo cha Kiganjo hapa Nyeri ndio wanazalisha vifaranga vya samaki. Kutofautisha ni rahisi: renbo ana mstari wa waridi ubavuni na madoa meusi mpaka kwa mkia, brauni ana madoa mekundu yamezungushiwa duara hafifu na mkia wake karibu hauna kitu.

Kama unarudisha samaki majini, bonyeza ule mwiba wa ndoano na koleo kabla ya kuanza, lowesha mikono, mshike akiangalia maji yanapotoka mpaka ajiondokee mwenyewe. Usimtupe kama jiwe.

Msimu? Machi ikiisha hadi Mei mvua inafanya mto uwe chai ya maziwa, na Oktoba mpaka Disemba pia si nzuri. Januari, Februari, halafu Julai mpaka Septemba, hapo sawa. Lakini hata jua likiwa limewaka kwako, maji yakianza kubadilika rangi ama majani makavu yaanze kupita mengi, toka. Mvua inanyesha juu na wewe hujui.

Wenye miguu wanaweza kupanda mpaka ziwa Rutundu ama Alice upande wa Mlima Kenya, renbo wako. Prince William alilala Rutundu na Kate Middleton 2010, wakarudi wakiwa wachumba. Mimi nilirudi na mafua, kwa hivyo beba sweta mbili na soksi za kubadilisha.